Siku Mashine Iliponyamaza

Pale kituoni jina lake halisi lilijulikana na karani wa mishahara peke yake. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mhariri mkuu, walimwita Vidole. Na jina lilimkaa, maana akiketi mbele ya kibodi vidole vyake vilishuka kama mvua juu ya bati, na mgeni aliyepita koridoni alidhani chumbani mna watu watatu wanaochapa kwa kushindana.

Vidole alikuwa haoni. Ugonjwa ulimpokonya macho akiwa bado msichana wa shule, na tangu hapo dunia yake akaijenga upya kwa masikio na mikono. Kazi yake pale redioni ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na waandishi huko nje, kuzigeuza maandishi, na kuyapanga yawe taarifa ya habari ya mchana. Sikio moja lilikuwa la yule aliyerekodiwa. Sikio jingine lilikuwa la kompyuta.

Kwani kompyuta yake ilikuwa inaongea. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamume iliyomsomea kila herufi aliyoibonyeza, kila mstari, kila jina la faili. Kipanya hakukigusa hata siku moja. Kila kitu alikiendesha kwa vitufe, na vitufe vyote alivijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yao. Ila sauti ile ilikuwa ya Kizungu. Kiswahili ilikisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyohiyo. “Maji” ilisema “meijai”. “Wananchi” iliwatafuna mpaka wakawa kitu kisichojulikana. Zamani, alipoanza kazi, Vidole aliuliza kama haiwezi kufundishwa Kiswahili, fundi wa wakati ule akamjibu kwamba haiwezekani, ashukuru kwa hicho alichopata. Basi akashukuru. Akawa anaifasiri kichwani mwake, mwaka baada ya mwaka, hadi akasahau kuwa anafasiri. Wenzake walikuwa wakimtania, “Mzungu wako anasemaje leo?” naye hujibu, “Amelala vibaya, lakini anafanya kazi.”

Yaliyomkuta yalianzia kwa virusi. Virusi viliingia kwenye kompyuta za kituo, vikala mahojiano ya miezi mingi, na fundi alipoitwa alisema mfumo wenyewe umezeeka, waliouunda wameshaacha kuutunza, na kuendelea nao ni kulala mlango wazi. Mhariri mkuu akaamua: mashine zote zihamie mfumo mwingine. Fundi, kijana mpole mwenye maneno ya haraka kama anayekimbizwa, alishinda kituoni Jumamosi na Jumapili nzima akifuta ule wa zamani na kuweka mpya.

Jumatatu asubuhi Vidole aliingia, akatundika mkoba, akaikunja fimbo yake nyeupe, akavaa vipokea sauti masikioni na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Akangoja. Feni ya mashine ikaanza kuvuma. Akangoja tena. Kwa kawaida Mzungu alikuwa amekwisha kumsalimu. Akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine, akahakikisha waya umechomekwa. Kimya.

Mbele yake aliketi msomaji wa habari, mwanamke waliyempa jina la Koo kwa sababu ya sauti yake nene. Alikuwa akihangaika na mashine yake mwenyewe, akinung’unika kwamba vipicha vyote vimehama.

“Koo,” Vidole aliita, “kioo changu kimewaka?”

“Kimewaka. Kina rangi nzuri hata. Zambarau.”

“Rangi siisikii,” Vidole alisema. “Mbona hakisemi?”

Koo akasukuma kiti nyuma, akapaza sauti yake nene kumwita fundi.

Fundi alikuja mbio. “Dada, mbona hii iko sawa kabisa. Angalia hapa juu upande wa—” Akajikata mwenyewe.

“Ile programu iliyokuwa inasoma,” fundi alisema polepole, na haikuwa tabia yake kusema polepole, “nilidhani ni kitu cha ziada.”

“Kwako cha ziada, mdogo wangu. Kwangu ndicho kompyuta yenyewe.”

Fundi hakujitetea. Alivuta kiti, akaanza kutafuta, na baada ya muda akasema kwamba mfumo mpya una msomaji wake ndani, hanunuliwi wala haletwi kutoka nje. Alikuwa amelala tu. Akamwamsha. Sauti nyembamba ikamlipukia Vidole masikioni, Kizungu tupu, kwa kasi ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Vidole akaruka kidogo kitini, lakini moyo ukamtua. Angalau ndani ya mashine mna mtu.

Furaha hiyo haikufika mchana. Aligundua kwamba yuko kama mtu aliyerudi kwake gizani akakuta milango imehamishwa. Kitufe kilichokuwa kikimsomea mstari sasa kilimpeleka mwisho wa ukurasa. Kilichokuwa kikimwambia yuko wapi sasa hakikusema lolote. Mara akajikuta kwenye dirisha asilolijua, akatoka, akaingia jingine, na alipouliza mashine ilimjibu maneno ambayo kwa kasi ile hakuambulia hata moja. Sauti hiyo mpya nayo ilikuwa na namna yake ya kukitafuna Kiswahili. Mzungu alikuwa na makosa yake, lakini Vidole aliyajua. Huyu alikuja na makosa mageni.

Taarifa ya habari ilikuwa karibu kukamilika alipobonyeza vitufe vilivyokuwa vikihifadhi kazi na kufunga faili. Mashine ikasema jambo, kama inauliza. Hakulielewa, akabonyeza kitufe cha kukubali, akidhani anakubali kuhifadhi. Alikuwa anakubali kutupa.

Siku hiyo Koo aliingia studio na vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, akasoma habari kwa kurukaruka, na katikati akakohoa makusudi ili apate muda wa kutafuta karatasi iliyofuata. Vidole alisikiliza kupitia spika ya koridoni. Kila kikohozi kilimchoma.

Siku ya pili haikuwa bora. Ya tatu, mhariri mkuu akamwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, mhariri. Alimsogezea kiti mwenyewe, akauliza habari za nyumbani, kisha akazunguka mbuyu kwa muda mrefu kabla ya kusema alilokuwa nalo.

“Nimefikiria hivi. Binti wa mapokezi anaanza likizo ya uzazi. Ungekaa pale kwa muda, upokee simu, mpaka mambo haya yatulie. Usijione umeshushwa. Ni kwa muda tu.”

Vidole aliijua hiyo “kwa muda”. Kabla ya redio alipokea simu kwenye kampuni ya bima, na huko nako walimwambia ni kwa muda, wakati wanamtafutia kazi ya kuandika. Ujana wake uliishia pale, akisema “Subiri nikuunganishe” mpaka akawa anaisema usingizini. Kiti hiki cha chumba cha habari alikipata kwa kubisha hodi na kufukuzwa na kubisha tena.

“Bosi,” alisema, “nipe mpaka wiki ijayo.”

“Na taarifa za wiki hii?”

“Nitaandika. Koo atahakiki. Zitachelewa kidogo lakini zitafika.”

Mhariri akagonga kalamu mezani. “Haya. Mpaka wiki ijayo.”

Vidole alitoka akiwa amepiga moyo konde, lakini konde lenyewe lilikuwa linatetemeka. Akaenda moja kwa moja kwenye kijichumba cha fundi.

“Mdogo wangu, keti kwenye mashine yako.”

“Nimeketi, dada.”

“Zima kioo.”

“Kioo?”

“Kompyuta iache. Kioo tu ndicho uzime. Halafu washa hiyo sauti, ufungue faili, uandike jina lako, uhifadhi. Mimi nangoja.”

Fundi alicheka, akadhani ni mzaha. Kisha akazima kioo. Vidole alisimama ameegemea mlango, akisikiliza. Alimsikia kijana akibonyeza, akisita, akibonyeza tena kwa nguvu zaidi kana kwamba tatizo ni kitufe kuwa kizito. Alisikia sauti ya nzi ikipiga kelele. Alisikia fundi akisema, “Hapa niko wapi sasa?” kwa sauti ya mtu aliyepotea sokoni. Mwishowe kijana akapumua kwa nguvu.

“Sijui nimefuta nini, dada. Lakini kuna kitu nimefuta.”

Vidole alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile. Fundi naye akacheka, kisha akasema, bila haraka, “Nisamehe. Nilitakiwa nije kwako kabla sijagusa kitu.”

Ijumaa alimletea kompyuta ndogo ya kubeba. Ilikuwa imekaa kabatini kwa sababu bawaba yake moja imevunjika. Akaiwekea mfumo uleule na kumwambia aende nayo nyumbani, aichezee, aiharibu atakavyo, hakuna taarifa ya habari itakayokufa. Na mipangilio je? Vidole aliuliza. “Fungua yote,” fundi alisema. “Hapo hata ukiivuruga, naiweka upya.”

Nyumbani kwa Vidole mlikuwa na watu wawili. Mumewe alikuwa dereva wa lori za mbali, huonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo aliyeishi naye siku zote alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno. Kituoni, watu wakilalamika kwamba waifai imekatika, Vidole husema wifi yake ya nyumbani haijawahi kukatika tangu aolewe.

Jumamosi mchana wakakaa wote mezani. Wifi alikuwa na sinia la maharage, akichambua mawe. Vidole alifungua kompyuta kwa uangalifu, akiishika ile bawaba mbovu. Vipokea sauti alikuwa amevisahau kazini, kwa hiyo sauti ikatoka wazi, chumba kizima kikaisikia. Akafungua habari moja ya zamani ili afanye mazoezi ya kusomewa mstari kwa mstari.

Mashine ikasoma. Mkono wa wifi ukasimama juu ya sinia.

“Inasema nini hiyo?”

“Inasoma habari. Ujenzi wa shule.”

“Kwa lugha gani?”

“Kiswahili, wifi.”

“Hicho?” Wifi alicheka mpaka maharage yakaruka sakafuni. “Hicho Kiswahili? Si kama mtu ameungua ulimi! Na wewe unakaa kutwa nzima na hicho kitu sikioni?”

“Nimezoea.”

“Masikini mwenzangu. Sasa kwa nini usiiambie iseme Kiswahili chenyewe?”

“Haikijui.”

“Nani amesema?”

“Fundi.”

“Huyu aliyekupa?”

Vidole akakumbuka. Hakuwa huyu. Alikuwa fundi mwingine kabisa, aliyekwisha kuondoka kituoni siku nyingi, na alikuwa akizungumzia mashine nyingine, na mfumo ambao Jumapili iliyopita ulifutwa wote. Jibu lile alikuwa amelibeba miaka yote hiyo kama mtu anayebeba ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

“Si huyu,” alisema.

“Basi mimi sijui kompyuta,” wifi alisema akirudi kwenye maharage yake, “lakini kuuliza si ujinga.”

Vidole akaingia kwenye mipangilio. Haikuwa rahisi; alikwenda kwa kupapasa, mbele hatua na nyuma hatua, mara mbili akatoka nje bila kutaka ikabidi aanze tena. Hatimaye akafika mahali ambapo sauti ilitaja majina ya lugha, moja baada ya jingine kila alipobonyeza mshale wa chini. Zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Nyingine hakuwahi kuzisikia. Wifi aliacha kuchambua tena. Majina yakaendelea kushuka. Kisha mashine, kwa ulimi wake ulioungua, ikataja jina ambalo Vidole alilitambua hata kabla halijamalizika.

Akabonyeza kukubali. Akarudi kwenye habari ile ya shule, akaiambia isome.

“Wananchi wa eneo hilo,” ilisema sauti, “wamechimba msingi kwa mikono yao wenyewe, huku akina mama wakibeba maji.”

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kavu, haina kupanda wala kushuka, kama mtu mwenye mafua anayezungumzia ndani ya ndoo. Lakini wananchi walikuwa wananchi. Maji yalikuwa maji.

Vidole aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Alikaa hivyo kwa muda, akisikia mabega yake yakishuka, na hapo ndipo alipojua kwamba yalikuwa yamepanda. Na hayakupanda wiki hii tu. Alikuwa amebeba kazi mbili miaka yote, ya kuandika na ya kufasiri, na mshahara wa moja.

“Unalia?” wifi aliuliza.

“Silii. Napumzika.”

Kisha akaanza kucheza. Akaandika “ng’ombe”, neno lililokuwa likimshinda Mzungu hata kuanza, na mashine ikatamka ng’ombe kama aliyezaliwa zizini. Akaandika “ghafla”, akaandika “mchwa”, akaandika “nyanya”. Wifi akasogeza kiti karibu. “Iambie na mimi inisalimie.” Vidole akaandika upesi, na sauti ya ndoo ikasema bila aibu yoyote, “Wifi yangu ana kelele kuliko mashine ya kusaga.”

“Haina adabu,” wifi alisema, akacheka tena. “Lakini inaongea sawasawa.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ingawa hawakusema mwenyeji atachukua muda gani kumkaribisha huyo mgeni. Jumapili yote Vidole aliimaliza kwenye vitufe. Sasa mashine ilipomjibu alielewa, na kwa kuwa alielewa, kila kosa lilimfundisha kitu. Alipunguza kasi ya sauti. Akagundua kwamba vitufe kadhaa vinaweza kubadilishwa vifanye kazi kama vya zamani, akavibadilisha. Visivyobadilika akavikariri huku akivitaja kwa sauti kama mtoto anayekariri jedwali, na wifi, aliyekuwa akipiga pasi, akawa anamsahihisha kutokana na kumsikia tu.

Jumatatu aliwahi kituoni. Mashine yake kubwa aliipanga kama alivyoipanga ile ndogo, akavaa vipokea sauti, akafungua rekodi ya kwanza. Asubuhi haikupita bila misukosuko. Mara moja alijikuta kwenye dirisha lisilo lake, lakini safari hii mashine ilimwambia yuko wapi na akajua njia ya kutokea. Ilipomuuliza kama anataka kutupa kazi yake, aliisikia vizuri sana, akaijibu hapana kwa kidole kizito.

Habari ya tatu ilihusu kikundi cha wanawake wajasiriamali. Alipomaliza kuichapa akaiambia mashine isome, na akasikia kwamba akina mama hao wamefunga kuku wa mayai. Akairudisha. Wamefunga. Vidole akacheka peke yake. Kwa Mzungu, kufunga na kufuga vilikuwa kitu kimoja, kelele ileile. Ili aone tofauti ilimbidi aende herufi kwa herufi, na siku za haraka hakwenda. Akaitoa ile “n”, kuku wakawa wamefugwa.

“Unacheka nini?” Koo aliuliza.

“Nimewafungulia kuku.”

Koo hakuelewa, lakini alipokabidhiwa taarifa iliyokamilika aliipitia, akaipitia tena, akasema, “Mbona sina cha kusahihisha?” Na ilikuwa mapema. Aliingia studio na karatasi zake safi, na Vidole akakaa kitini, mikono mitupu, akisikiliza spika ya koridoni. Koo alisoma kama maji yanayoteremka. Hakukohoa.

Mhariri mkuu alipita baadaye, akasimama nyuma ya kiti cha Vidole. Harufu ya kahawa yake ilimtangulia.

“Mapokezi tumempata mtu,” alisema. “Binti mmoja mchangamfu.”

“Mpe hongera, bosi.”

“Nitampa.” Akakipigapiga kiti cha Vidole mgongoni, maana ndivyo alivyojua kuomba radhi, akaenda zake.

Vidole aliposhusha pumzi, ilishuka ndefu. Kulikuwa na mengi bado: vitufe viwili vitatu vilivyomgomea, na fundi alikuwa amemwomba akae naye siku moja amweleze kila kitu polepole, ili akihamisha mashine za watu wengine wasioona asirudie. Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimkumbuka Mzungu kidogo. Walikaa pamoja muda mrefu, na alifutwa Jumapili ile bila hata kuagwa.

Jioni, alipofika nyumbani, wifi alikuwa akimngoja mlangoni na simu mkononi. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa amemtumia ujumbe mrefu, na macho ya wifi siku hizi yalikuwa yanaziona herufi kama siafu. Mtoto wa jirani alikuwa akimsomea, lakini mtoto wa jirani alikuwa na mdomo.

“Yule wako anaweza?” wifi aliuliza, na aliuliza kwa sauti ndogo.

Vidole alimwelekeza autume ujumbe ule, wakauhamishia kwenye kompyuta ndogo, wakakaa mezani. Sauti kavu ikaanza: mama shikamoo, sisi hatujambo, mtoto ameota meno, mkwe wako amepata kazi nyingine, tutakuja mvua zikipungua.

“Zikipungua lini?” wifi aliiuliza mashine. “Mwaka jana pia ulisema hivyohivyo. Na hayo meno, mangapi?”

Mashine ikaendelea kusoma.

“Inanipita. Irudishe pale kwenye meno.”

Vidole akairudisha, bila kutafuta kitufe, akajinyoosha kitini na kuwaachia wawili hao wazungumze.